Kiingereza cha Sengu

Wiki iliyopita ndugu yangu Eda alinitumia picha kwa simu, nami sikuielewa mara moja. Niliona ardhi tupu iliyosawazishwa na vichanja vipya vya kuanikia kahawa vimesimama mstari mmoja. Chini yake Eda alikuwa ameandika: "Hapo ndipo ilipokuwa sengu yetu." Nilikaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa. Halafu nikakasirika, maana mimi huzuni yangu haikai sana kabla haijawa hasira. Ndivyo nilivyoumbwa na sitabadilika sasa.

Nyie wa rika langu mliokulia pande za Mbuji mnaijua sengu, hata kama kwenu iliachwa mapema. Kwa asiyeijua, ni pale kwa babu, ambapo ukoo mzima tulikula pamoja. Kila mama alipika kwake, akafunika sufuria, akaileta. Wanaume walikaa barazani, sisi wasichana na akina mama tukakaa jikoni kwa bibi, mlango ukitazama baraza, na kila kilichosemwa huku kilisikika kule. Hakuna aliyekula cha mama yake tu. Ulichovya hapa, ukachovya pale, na kama mboga ya mama mmoja imeungua, mliila wote mkanyamaza. Koo nyingi zilikuwa zimeshaacha, kila mtu na mlango wake, lakini babu yetu aligoma. Alisema siku atakayokula peke yake mjue ameshakufa, mmeketisha maiti.

Sasa nisikilizeni. Ninafanya kazi ya ukalimani, na nikifungua mdomo mkutanoni watu hugeuka kunitazama. Wengine huniuliza kama nilikulia nje ya nchi. Mmoja aliniuliza kama wazazi wangu walikuwa mabalozi. Mabalozi! Mama yangu alikuwa na mikahawa yake, jembe lake na mdomo wake. Kiingereza hiki nilikipata pale penye vichanja, nikiwa na ugali mkononi, na anayebisha aje tubishane.

Lakini lazima nianze na muwa. Nikiwa bado mdogo nilipewa kipande cha muwa na mpita njia, nikajificha nyuma ya ghala la mahindi nikautafuna wote. Bibi aliyaona makapi. Hakunichapa. Jioni watu walipokusanyika, alininyooshea sahani yangu peke yangu, akaiweka pembeni kabisa karibu na mlango, akasema, "Huyu ameamua kula peke yake. Mwacheni." Nilikula mpaka nikapaliwa, na hakuna aliyenigeukia. Tangu siku hiyo sijaweza kula hata karanga bila kutazama nani yuko karibu.

Nilipofika darasa la saba akaja mwalimu mpya wa Kiingereza. Tulimwita Mwalimu Tai, kwa sababu alivaa tai hata siku za tope, na tope la kwetu si la mchezo. Hakuwa mtu mbaya, niseme haki. Kiingereza kilimtoka kama maji, na alitaka sana mtoto mmoja wa shule yetu afike mbali. Masista walikuwa na sekondari ya wasichana, na shule yetu iliambiwa ipeleke msichana mmoja kwenye usaili. Mmoja tu. Mwalimu Tai alinichagua mimi nibaki darasani kila siku wenzangu wakienda nyumbani, aniandikie ubaoni maneno magumu.

"Haya siyo maneno ya sokoni," alisema. "Haya ni maneno ya watu waliosoma. Nyie watu wa milimani ulimi wenu mzito, Kiingereza chenu kinaishia kwenye salamu. Ukiyashika haya, usaili utaupita unacheka. Nakupa wewe, umesikia?"

Nilisikia, bwana, ila nilisikia kivyangu. Hapo kwenye ulimi mzito nilikaza uso, nikasema moyoni, tutaona. Na hapo kwenye "nakupa wewe" nilielewa kama ambavyo mtoto yeyote wa kwetu angeelewa. Mtu mzima akikupa kitu, amekupa ukipeleke nyumbani. Mkungu wa ndizi haumlengi mtoto aliyeubeba. Nilidhani Mwalimu Tai ananituma.

Basi jioni ile ile nikapeleka neno la kwanza. Nikasubiri watu wanawe mikono, nikasema, "Nimeleta kitu kutoka shule." Bibi akanyoosha shingo aone nimebeba nini. Nikasema, "Reluctant."

"Ndiyo nini hiyo?" aliuliza Mama. "Inaliwa?"

Kumbukeni kwamba Kiswahili chenyewe nilikikuta shuleni. Nyumbani ni Kimatengo tangu asubuhi mpaka usingizini. Kwa hiyo neno lilitoka kwenye Kiingereza cha Mwalimu Tai, likapita kwenye Kiswahili changu cha darasani, likaingia Kimatengo jikoni kwa bibi, na kila linapopita nalazimika kulielewa upya. Nilieleza kwamba ni mtu anayekwenda, hajakataa, ila moyo wake umebaki alikotoka.

Bibi akapiga kofi. "Zeno akitumwa maji!"

Jiko lote likaangua kicheko. Zeno ni baba yangu mdogo, baba yake Eda. Alikuwa mzito wa kila kitu, mpaka wa kujikuna. Ukimtuma maji aliitika vizuri, akasimama, akatafuta ndoo aliyoishika mkononi, akaketi tena kidogo. Kule barazani alisikia jina lake, akauliza wanamsema nini. Mama akamjibu kwa sauti, "Tunasema wewe ni relaktanti!" Naye akatulia, akawaza, akauliza, "Ni cheo?" Siku hiyo babu alicheka mpaka akaomba ashikwe.

Baada ya hapo walinisubiri. Nikichelewa, mtu alitumwa njiani kunitazama. Nilileta "inevitable", jambo ambalo ufanye ufanyavyo litakuja tu, wakampa mgeni yule anayefika sufuria inapofunuliwa. Nilileta "obstinate", kichwa ngumu, na kabla sijamaliza kueleza babu aliita kutoka barazani, "Hilo langu. Asiliguse mtu." Likawa lake kweli. Ukimkuta asubuhi unasema shikamoo babu, anaitika marahaba, halafu anasubiri umwite kwa neno lake.

Maneno hayo tuliyafukia hasa shambani. Kwetu maharage yanapandwa kwenye ngolo. Wanaume hukata majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, mteremko wote unakuwa viraba viraba. Halafu sisi wanawake tunachimba katikati ya kila kiraba na kuyafunika majani kwa udongo ule, mpaka mlima unabaki mashimo, na mbegu zinakaa kwenye kingo. Ni kazi ya kuvunja kiuno. Eda ndiye aliyeleta ule mchezo: huruhusiwi kuhamia shimo la pili mpaka uliseme neno la leo ndani ya sentensi, kwa Kiingereza, na sentensi iwe ya kweli. Ukikosea unabaki shimoni, mstari wako unachelewa, na akina mama wanakusimanga. Eda alikuwa wa mwisho mwisho darasani. Shambani alinipita. Mgongo umeinama, jembe linapanda na kushuka, na maneno yanamtoka bila kusita, maana pale hakuna aliyemwambia ulimi wake mzito.

Mimi nilifurahi kuona hivyo. Nawaambia ukweli, nilidhani Mwalimu Tai naye atafurahi siku akijua mzigo wake umefika salama.

Likaja jaribio la kuchagua msichana wa kwenda kwenye usaili. Wasichana wote wa darasa la saba tuliambiwa tuandike insha ya Kiingereza kuhusu mtu mmoja wa nyumbani. Nilimwandika Baba Mdogo Zeno. Nilimwandika na ndoo yake, nikaweka na mgeni asiyeepukika, nikamweka na babu kichwa ngumu. Nilitoka nimevimba kichwa. Ile nafasi niliiona kama iko kwenye kiganja changu.

Keshokutwa yake, paredini, Mwalimu Tai alisimama mbele na karatasi mbili. Akaniita mimi, akamwita Eda. Akasoma ya kwangu: baba yangu mdogo ni reluctant akitumwa maji. Akasoma ya Eda: baba yangu ni reluctant akitumwa maji. Akaendelea hivyo, huku mgeni, kule mgeni, huku babu, kule babu. Shule nzima ikaanza kunong'ona.

"Eda huyu," alisema, "ambaye juzi alikuwa hawezi kuandika jina la mwezi. Leo ameamka anajua inevitable?" Akanigeukia. "Nakuuliza wewe. Amekuibia?"

"Hapana, Mwalimu. Nilimpa."

"Ulimpa wakati wa jaribio?"

"Nilimpa nyumbani. Niliwapa wote."

Akanitazama kama nimemwambia nimemwaga maziwa chooni. "Nilikupa wewe," alisema taratibu, na nikaona kwamba si hasira tu, ameumia. "Nilibaki na njaa yangu jioni zote zile kwa ajili yako. Wewe!"

Akatoa hukumu. Kesho yake paredini niseme mbele ya wote kwamba Eda alinakili karatasi yangu. Nikisema, Eda atachapwa na jina lake litafutwa, mimi nitakwenda kwenye usaili. Nisiposema, tumefutwa wote wawili na atakwenda msichana anayefuata.

Jioni ile hakuna aliyeuliza neno la leo. Nilieleza yote jikoni, baraza likisikiliza. Mama alikuwa wa kwanza. Aliniita kwa sauti ndogo ambayo hakuwa akiitumia kwangu. "Mwanangu, sema tu. Ni sentensi moja. Eda ni wetu, tutamtuliza humu ndani."

Na Eda mwenyewe, jamani, Eda akasema, "Sema nimeiba. Mimi fimbo si ngeni kwangu. Na wala sikuwa naenda popote." Alisema huku anaokota maharage kwenye sahani moja moja, hatazami mtu. Mpaka leo nikikumbuka zile punje nataka kupiga kitu.

Babu akakohoa kule nje. Nilimngoja yeye. Nilijua babu atakataa, mtu aliyegoma mambo yote yale. Akasema, "Eda amesema vizuri. Mtoto aende shule. Mengine tutayamaliza wenyewe."

Loo! Nikasimama. Msichana hakusimama sengu wakubwa wakiwa wameketi, lakini nilisimama, nikatoka mpaka mlangoni wanione wote.

"Babu, naomba kusema."

"Sema."

"Bibi aliniweka hapa kwa ajili ya muwa. Hapa hapa. Mkaninyamazia wote. Sasa kama maneno yalikuwa yangu peke yangu, niwekeeni tena sahani yangu mlangoni, na nyie kila mmoja alitapike lake."

Mama akashika kichwa. Nilijua nikiketi tu nitalia, kwa hiyo sikuketi.

Ndipo Baba Mdogo Zeno alipoinuka barazani. Hakuna aliyekuwa amewahi kumwona akiinuka haraka. "Mimi langu silitapiki," alisema. "Na mnayetaka aitwe mwizi ni binti yangu. Ameandika habari za baba yake, kosa liko wapi? Mbona mimi hamjaniuliza?" Kisha akaketi, akahema, kama mtu aliyemaliza kulima mlima mzima.

Babu hakurudia amri yake. Watu walikula kidogo wakatawanyika. Mama alitembea mbele yangu njia yote bila kugeuka, na tulipofika aliingia ndani akaacha mlango wazi, basi. Nililala najua kwamba naichoma nafasi yangu kwa mikono yangu mwenyewe. Niliitaka ile nafasi. Msifikiri sikuitaka. Nilikuwa nimeshaota mpaka shuka la bwenini.

Asubuhi Mwalimu Tai aliniita mbele. Umande ulikuwa bado kwenye nyasi na miguu yangu ilikuwa imelowa. Niliongea Kiingereza, kwa makusudi, ili asije akasema ulimi wangu umeishia kwenye salamu. Nilisema Eda hajaiba chochote. Nilisema mtu aliyeandikwa ni baba yake mzazi. Nikasema kama kuna aliyeiba hapa basi ni mimi, niliyechukua baba wa mwenzangu nikamweka kwenye karatasi yangu. Wanafunzi wengi hawakuelewa hata nusu, ila walielewa sauti. Mwalimu mkuu alielewa, akatazama viatu vyake.

"Una kiburi," Mwalimu Tai alisema kwa Kiswahili.

"Ndiyo, Mwalimu."

Tulichapwa wote wawili, tukafutwa wote wawili. Eda hakulia, mimi nililia, na sikulia kwa fimbo. Hakuna padre aliyekuja kututetea, hakuna mkaguzi aliyepita njiani akasikia. Mambo hayo yapo kwenye hadithi. Ile nafasi ilikwenda kwa Kresensia, msichana mtulivu wa ukoo mwingine wa ng'ambo ya mto, ambaye hakuwa amenikosea lolote, na nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa kwenye ngolo. Mama alikuwa hajanisemesha tangu siku ile zaidi ya "leta" na "weka". Nikainua kichwa, nikamwona Kresensia amesimama chini ya mteremko na jembe begani.

"Hamjambo," alisema. "Shikamooni akina mama. Nimekuja kulima."

Hakuna asiyejua kwamba amefuata maneno. Usaili ulikuwa unakaribia, na Mwalimu Tai, kwa hasira yake, alikuwa amefuta darasa la jioni kabisa. Mama akanyoosha mgongo. "Haya," alisema, na hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kamili kwangu siku zile zote. "Amekuja kuchukua na makombo. Mwambie arudi kwao."

Nilikuwa na donge la udongo mkononi. Nilitaka kumtupia. Nasema waziwazi ili mtu asije akanifanya mtakatifu: sikumwita kwa wema. Nilimwita kwa hasira. Niliwaza, Mwalimu Tai alitaka maneno haya yakae kwa mtu mmoja, yafungwe humo. Basi yatakwenda kwa kila mwenye masikio kwenye mlima huu, mpaka mbuzi wayajue. Nikamwambia Kresensia, "Shika mstari huu. Na huhami shimo mpaka useme."

Alikuwa hajui kuchimba vizuri ngolo, udongo wake ulirudi shimoni, na Eda alimcheka. Lakini aliinama mpaka jua likapinduka. Nilimpa yote. Nilimpa na ya siku za mwisho, yale ambayo hata sengu sikuwa nimeyafikisha, nikamsimamia kama askari mpaka akayasema bila kigugumizi. Jumamosi iliyofuata alikuja na wadogo zake wawili. Baada ya hapo wakaja wengine ambao hata majina ya mama zao hatukuyajua, na Mama, ambaye maharage yake yalikuwa hayajawahi kupandwa mapema namna ile, akaanza kunisemesha tena, akianza na kunigombeza.

Kresensia alifaulu usaili. Alikuja kutuambia mwenyewe, anahema kwa kupanda mlima. Alisema walimuuliza aeleze mtu wa kijijini kwao, akamweleza Baba Mdogo Zeno, na sista mmoja alicheka mpaka akavua miwani. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha, akampa maji. Halafu akaenda nyuma ya nyumba akakaa huko peke yake muda mrefu. Mimi sikumfuata. Nilijua analia nini, na kama ningerudishwa paredini siku ile ningesema yale yale.

Mwaka uliofuata mimi na Eda tulipangiwa sekondari ya kata huko chini ziwani, tukakaa kwa shangazi aliyeolewa kule. Tulishuka na masanduku yetu kichwani, tukakuta joto, mchanga, usipa, dagaa wa kule, umeanikwa kila mahali na watu wanaongea Kinyasa haraka haraka. Hatukumjua mtu. Darasa lilikuwa limejaa, wengine wamekaa madirishani. Mwalimu wa Kiingereza aliingia, akafuta ubao kwa kiganja, akauliza kama kuna yeyote humu anayeweza kusema sentensi moja ya Kiingereza kuhusu nyumbani kwao.

Niliinua mkono. Ulikuwa haujafika hata begani, Eda alishasimama. Alikuwa ameshika dawati kwa mikono miwili. Akasema sentensi ndefu, yenye baba yake na ndoo ndani yake, akaimaliza vizuri kabisa mpaka nukta.

Mwalimu akamwambia, "Vizuri. Kaa." Hakumuuliza ameitoa wapi.